Vyumba Sawa, Wapangaji Mbalimbali



Wengi wenu mnaweka akiba katika chama cha ushirika mkitumaini kujenga vyumba vya kupangisha, nanyi mkae kwenye ploti hiyo hiyo. Ni mpango mwema. Lakini kabla ya kumwita fundi, kuna swali ambalo yafaa mlijibu pamoja: je, ni haki kumpa kila mpangaji chumba kilicho sawa na cha mwenzake?

Wengi watajibu upesi kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe. Vyumba kumi, futi kumi kwa kumi, kodi moja, mfereji mmoja, choo mwisho wa ua. Hakuna aliyependelewa. Basi watazameni wanaokuja kupanga. Kijana asiye na mke, anayerudi kulala tu. Askari wa usiku, ambaye mchana ndio usiku wake. Nyanya anayelea wajukuu. Bwana na bibi waliofunga ndoa juzi. Mjane mwenye watoto watatu, binti mkubwa amekwisha vunja ungo, na wote wamegawanywa kwa pazia moja. Kijana amepata nyumba. Mjane amepata mahali pa kujibanza, naye analipa kodi ile ile.

Chumba hicho kina historia yake. Wakati wa ukoloni, nyumba nyingi za Waafrika jijini Nairobi zilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi mwanamume peke yake. Pengine alipewa nafasi ya kitanda tu. Mke alitazamiwa abaki shambani. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulikusudiwa jamaa nzima, lakini mitaa ya namna hiyo ilikuwa michache. Mkoloni alikwenda mwaka wa 1963, nasi tumeendelea kujenga chumba cha mtu mmoja na kuingiza jamaa ndani yake.

Miaka ya 1970, mradi wa Dandora uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia ulijaribu njia nyingine. Mtu alipewa ploti yenye maji na choo, kisha akaongeza vyumba kadiri ya uwezo wake. Wazo lile lilikuwa jema: nyumba ikue pamoja na jamaa. (Kwamba ploti nyingi baadaye zilijazwa vyumba vya kodi mpaka pumzi ikaisha, hilo ni jambo jingine.)

Sisemi kila mpangaji ajengewe nyumba ya pekee. Mkopo lazima ulipwe. Nasema kinachogawanywa sawa kiwe kile ambacho wote wanakihitaji sawa, yaani maji, choo safi, usalama na faragha. Nafasi igawanywe kulingana na watu. Jengeni baadhi ya vyumba viwili viwili, vyenye mlango kati yake unaoweza kufungwa. Jamaa ikiwa ndogo, hupanga kimoja. Watoto wakikua, huchukua na cha pili bila kuhama. Chumba cha askari wa usiku kiwe mbali na mfereji. Mlango wa choo uwe mpana, bila ngazi, kwa ajili ya nyanya, na taa iwake hapo usiku kucha ili binti asiogope kwenda. Acheni kibanda cha kupikia uani, kwa maana jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa limewaua watu usingizini.

Na ukuta ufike kwenye mabati. Nyumba nyingi za mabati hukomesha ukuta chini ya paa ili kuokoa mawe, na mume na mke wakigombana au wakipatana, ploti nzima inasikia. Ni ndoa gani itakayostawi hivyo? Mawe yale ni machache kuliko mnavyodhani.

Huenda mkabaki na vyumba vinane badala ya kumi. Hapo ndipo mtakapobishana, na hesabu ya bwana haitalingana na ya bibi. Nendeni kwenye kiwanja na kamba na vigingi, mpime futi kumi kwa kumi, kisha mkae humo ndani na watoto wenu, kitanda na jiko vikiwa na nafasi yake.