Kupunguza uzito kwa kisu: Nani mwenye kauli?

IJUMAA moja baada ya Swala, mzee mmoja mfanyabiashara wa hapa Musoma alinivuta pembeni, pale penye viatu, akaniambia: "Ustadh, nina jambo la binti yangu, lakini naona haya hata kulisema." Nilidhani ni posa iliyovunjika, maana mambo ya mabinti yanayosemewa kwenye viatu mara nyingi huwa ni hayo. Kumbe sivyo. Binti huyo ana miaka 23, amemaliza chuo, ana kilo 127 na urefu wa mita 1.62, na amewaambia wazazi wake kuwa anataka kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mzee alitaka kujua jambo moja tu: ni halali au ni haramu? (Nimeruhusiwa kuyaandika haya, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili mhusika asitambulike.)

Ndugu msomaji, swali la namna hii hapo zamani lisingefika Musoma. Waliokuwa na uwezo wa kutafuta matibabu hayo walikwenda nje, India na kwingineko. Lakini katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imeanza kutoa huduma za kupunguza uzito, kwa kuweka puto tumboni na kwa upasuaji. Jambo limesogea kutoka kwenye ndege hadi kwenye basi. Na wanaolihitaji si wachache kama tunavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Sikumjibu mzee siku ile. Wiki iliyofuata familia ilikutana Bunda, kwa kaka mkubwa wa binti, kwa kuwa Bunda ipo njiani na wanaotoka Mwanza nao walitaka kuwepo. Nilialikwa. Nilichokikuta kilinifunza kuwa halali na haramu ilikuwa sehemu ndogo ya jambo lenyewe.

Kaka mtu alianza, tena kwa ukali. Akasema huo ni uvivu tu, mdogo wake afunge Jumatatu na Alkhamisi, aache chapati na soda, apande mlima. Mama alisema puto linatosha, kwa nini kukatana. Shangazi, aliyekuja na gari la asubuhi kutoka Butiama, aliuliza swali ambalo wanaume wote pale tuliliona la kishamba, na sasa naona ndilo lililokuwa na akili zaidi: "Akikonda ghafla namna hiyo, mtawaambia nini watu?"

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaelewa alichokuwa akikisema. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi hii waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kwa miaka mingi mtu akipungua shavu alikuwa amekwishazikwa midomoni mwa majirani. Tangu hapo, kunenepa kwetu si mali peke yake, ni cheti cha afya. Mtu akirudi kutoka safari tunamwambia "umenawiri" kwa maana ya kumpongeza, na anayesema "umepungua" huinamisha sauti. Basi binti huyu amekulia katika mji ambao unamsifu akiwa mdogo kwa kuwa na mashavu, unamcheka akiwa msichana kwa kutoenea kwenye kiti cha daladala, na utamshuku akipungua. Jamii ya namna hiyo haina haki ya kuwa mshauri wa mtu. Lakini ndiyo iliyokuwa imekaa sebuleni Bunda, nami nikiwemo.

Tuanze na hilo la kaka mtu. Kwamba Uislamu unakataza kupindukia katika kula, hakuna anayebisha. Qur'an katika Suratul A'raf inatuamuru kula na kunywa bila kupita kiasi, na hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib aliyoipokea Tirmidhi inajulikana na kila mtoto wa madrasa: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. (Futari zetu za sambusa, tambi na visheti zinaipinga hadithi hiyo kila magharibi ya Ramadhani, lakini hilo ni la siku nyingine.) Tatizo ni kuifanya hadithi hiyo fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuwa mgonjwa. Madaktari wanatuambia kuwa mwili uliofikia unene mkubwa huupigania unene huo. Mtu akijinyima, njaa huongezeka na mwili hupunguza matumizi yake, ndiyo maana wengi hupungua kilo kumi na kurudisha kumi na mbili. Binti alikuwa amefunga. Alikuwa ameacha sukari. Mara tatu alipungua na mara tatu ulirudi, mara ya mwisho ukiwa na nyongeza. Kumwita mvivu ni dhihaka, na Suratul Hujurat imekwishatukataza kudhihakiana.

Wapo vilevile wanaotoa hoja ya kubadili maumbile ya Allah. Hii ni hoja nzito na haifai kupuuzwa. Katika Suratun Nisaa Iblis anaapa kuwa atawaamrisha watu wabadili alivyoumba Allah, na Abdullah bin Mas'ud (RA) amepokea hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanaochanja chale na wanaochonga meno ili wapendeze. Hapo pana neno la kuzingatiwa, nalo ni hilo la kutafuta uzuri. Kwa upande mwingine tunaye Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab enzi za ujahilia. Akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hadithi hiyo imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Wanazuoni wamejenga juu yake tofauti baina ya kuondoa madhara na kutafuta pambo.

Na kuna jambo linalonigusa kila nikilikumbuka. Huyo Ibn Mas'ud aliyetufikishia laana ya wabadilishaji wa maumbile, yeye mwenyewe alikuwa na miundi myembamba sana. Siku moja alipanda mti, upepo ukamfunua, maswahaba wakacheka. Mtume (SAW) akawaambia kuwa miundi ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Hadithi hii ameipokea Imam Ahmad. Na Bi Sawda bint Zam'a (RA), mke wa Mtume, alikuwa mwanamke mzito wa kutembea. Katika Hija ya kuaga aliomba ruhusa aondoke Muzdalifa mapema, kabla ya msongamano wa watu, naye akaruhusiwa. Hakuambiwa angekula kidogo. Alipewa nafasi.

Basi je, kilo 127 ni umbo au ni maradhi? Hapa ndipo sheria inapomwachia daktari azungumze. Ukichukua uzito wake na kuugawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata kama 48. Kipimo kilichotumika tangu mwaka 1991 kiliruhusu upasuaji kuanzia 40, au 35 kwa mwenye maradhi mengine. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilishusha hadi 35 kwa yeyote. Binti ana sukari iliyoanza kupanda, usiku pumzi humkatika usingizini mpaka mama yake anaamka kumsikiliza, na tangu mwaka jana anaswali kwenye kiti. Miaka 23. Maradhi ya kutibiwa ni haya, na Mtume (SAW) ametuamrisha kutafuta tiba.

Lakini tiba ipi? Puto la mama huwekwa kupitia mdomoni bila kupasua na hukaa, kwa kawaida, miezi sita, kisha hutolewa. Likitolewa, aliyekuwa hajabadilika hurudi alikotoka. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi huondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kubakisha mrija mwembamba kama ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Baada ya hapo ni vijiko badala ya sahani, maji ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na vidonge vya madini na vitamini maisha yote. Wapo wanaorudisha sehemu ya uzito baada ya miaka. Wapo, wachache lakini wapo, wanaokufa mezani au siku chache baadaye.

Na hapa ndipo umri unapoingia, jambo ambalo pale Bunda kila mtu alilitumia kwa upande wake. Mama: bado mdogo, asubiri. Binti: bado mdogo, kwa nini nisubiri mpaka niharibikiwe? Wote wawili wana ushahidi. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu zaidi ya elfu nne kwa wastani wa takriban miaka kumi na moja. Waliokufa miongoni mwa waliopasuliwa walikuwa 101, na miongoni mwa wasiopasuliwa 129, makundi hayo yakikaribiana kwa idadi. Upasuaji ulirefusha maisha. Lakini walioingizwa katika utafiti ule walikuwa watu wazima wa miaka 37 hadi 60. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2019, ulilinganisha vijana chini ya miaka 20 na watu wazima waliofanyiwa upasuaji wa aina nyingine wa tumbo. Baada ya miaka mitano kisukari kilikuwa kimeondoka kwa asilimia 86 ya vijana waliokuwa nacho, dhidi ya asilimia 53 ya wakubwa. Kumbe kuwahi kunafaa. Ila upungufu wa akiba ya chuma mwilini ulikuwa asilimia 48 kwa vijana na 29 kwa wakubwa, na kwa mwanamke atakayezaa hilo si dogo. Ujana unampa mtu miaka mingi ya kufaidi na miaka mingi ya kumeza vidonge.

Kisha lilitoka jambo ambalo halikuwa limesemwa kwenye viatu. Yupo mchumba. Na upande wa mchumba umetuma maneno kuwa harusi itasubiri mpaka binti "apungue kidogo". Baba naye, kwa kuogopa aibu, alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Bweri.

Nilimuuliza binti, mbele ya wazazi wake, swali moja. "Huyu kijana akiondoka kesho, bado unautaka upasuaji?"

Akakaa kimya kidogo. "Nataka kusujudu chini, Ustadh," akasema. "Na nguo pia. Nisikudanganye, nataka na nguo za dukani."

Kaka mtu akadakia kuwa nia imeharibika. Mimi sikuona hivyo na mpaka leo sioni. Suratul Baqara imemruhusu hujaji kutafuta riziki katika safari ya Hija, na hakuna aliyesema Hija yake imebatilika kwa kuuza vitambaa. Nia kuu ikiwa tiba, furaha ya kuvaa gauni inayofuata nyuma haiigeuzi kuwa haramu. Ninachokiogopa ni nia ya mtu mwingine kukaa ndani ya mwili wa binti. Mchumba aweza kubadilika. Mfuko wa chakula uliokatwa haubadiliki. Mwanamke aliyebaleghe na mwenye akili timamu ataulizwa yeye kuhusu amana ya mwili wake, na siku hiyo mkwe hatakuwepo kujibu.

Kwa hiyo rai yangu niliyoitoa ilikuwa hii, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Kwa hali yake upasuaji unajuzu, ila mwenye kauli ni yeye, si kaka wala mchumba. Kiwanja kisiuzwe, wala mkopo wa riba usichukuliwe, mpaka kwanza apimwe, na daktari asiye na biashara naye aseme kwamba njia nyepesi zimekwisha. Mchumba aambiwe ukweli kabla ya ndoa: madaktari hutaka mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na kumficha mume jambo la namna hiyo ni ghushi. Funga za Ramadhani ya kwanza huenda zikamshinda. Atalipa atakapoweza, kama mgonjwa yeyote. Ngozi itakayolegea baadaye ni swali jingine. Ikimchubua na kumtia vidonda, ni tiba. Ikiwa ni kioo tu, tutarudi kwa Ibn Mas'ud, na hapo nakiri jibu langu halitakuwa jepesi kama la leo.

Kaka mtu hakuridhika. Mchumba hajajibu. Jumatatu binti na mama yake wanakwenda hospitali ya mkoa kuanza vipimo. Shangazi amekwisharudi Butiama, na amesema hataki kusikia tena habari za kisu, ila jana alipiga simu kuuliza basi la Dar linaondoka Musoma saa ngapi, na kama amelazimika kukata tiketi mapema, maana mgonjwa haachwi kwenda peke yake.