Njaa Penye Sufuria Iliyojaa

Binti wa kisa hiki nimemtunga, lakini dalili zake zote ni za kweli na hospitalini zinajulikana. Kwao ni Mbale, Uganda, chini ya mlima Wanale. Alipelekwa Jinja kusoma, na likizo ya kwanza aliporudi nyumbani shangazi yake alimpokea kwa shangwe: "Mwanangu, umenenepa! Jinja imekupenda." Kwetu hiyo ni sifa. Yeye aliisikia kama hukumu, kwa sababu simu yake ilikuwa imekwisha kumfundisha kuchukia tumbo lake.

Aliporudi Jinja akaanza kuacha posho, yaani ugali, kisha maharage. Wenzake chumbani walipouliza, alijibu kwamba amefunga, na nani atamzuia mtu kufunga na kuomba? Lakini mwili ulionyimwa hudai. Usiku alitoka hadi kwa muuza rolex, chapati iliyoviringishiwa yai, akanunua mbili, wakati mwingine tatu, akazila amesimama gizani, haraka, pasipo kusikia ladha ya yai wala ya nyanya. Kisha akaenda chooni kujitapisha. Asubuhi akafunga tena.

Kula kwa pupa na kujitapisha ni ugonjwa wenye jina, bulimia. Gerald Russell, daktari aliyeueleza huko Uingereza mwaka 1979, alitaja alama ya mkononi ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: makovu juu ya vifundo vya vidole, pale meno yanapokwaruza ngozi kila mkono unapoingizwa kooni. Asidi ya tumboni hula meno ya mbele kwa upande wa ndani. Tezi za mate huvimba, mashavu yakajaa, na hapo ndipo wengi hudanganyika, wakamsifu mgonjwa kwamba amenawiri. Wakati huohuo potasiamu inashuka katika damu, na moyo usio na potasiamu ya kutosha hupoteza mpangilio wa mapigo yake. Moyo huo unaweza kusimama ghafla, kwa mtu ambaye jana alionekana mzima.

Mwaka wa pili binti aliacha hata rolex. Hedhi ikakatika. Vinyweleo laini vikamwota mikononi, na mchana wa Jinja, watu wakijipepea, yeye alivaa sweta.

Aliporudi Mbale majirani walinong'ona neno moja: silimu, yaani Ukimwi. Siwalaumu sana. Mwaka 1985 madaktari waliandika juu ya ugonjwa mpya wa Rakai ambao wananchi walikuwa wameuita "slim" kwa jinsi ulivyomaliza mwili, na tangu hapo nchi hii ikimwona kijana amekonda hufikiria hilo kwanza. Akapimwa virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, mimba. Hakukutwa na lolote. Wengine wakasema amerogwa. Hakuna aliyemuuliza, kwa upole na faraghani: unakula nini, na ukishakula unafanya nini? Tumezoea kuitafuta njaa kwa asiye na shamba. Mwenye matoke nyuma ya nyumba hatumdhanii.

Tusijidanganye pia kwamba jamii inayopenda mwili mnene imekingwa. Huko Nadroga, visiwani Fiji, unene ulisifiwa vilevile. Televisheni ilipofika mwaka 1995, hakuna msichana katika utafiti wa Anne Becker aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3.

Kosa lililokaribia kumuua binti wetu lilitokana na upendo. Mama alichinja kuku, akapika matoke, akaunga malewa, machipukizi ya mianzi, kwa karanga, akamkalia mbele: "Kula, mwanangu, kula." Safari hii alikula, sahani baada ya sahani. Siku chache baadaye miguu ilivimba, moyo ukaenda mbio, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa wanga mwingi kwa ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Kilichobaki kwenye damu hakitoshi kuuendesha moyo.

Aliyelitambua kosa hilo ni muuguzi aliyewahi kufanya kazi wodi ya watoto wenye utapiamlo. Huko mtoto aliyedhoofu hapewi chakula kizito siku ya kwanza. Huanzishiwa maziwa mepesi ya F-75, kidogo kidogo, mchana na usiku, na huongezwa akishatulia. Mtu mzima aliyejinyima anahitaji hadhari hiyohiyo: damu ipimwe, chakula kipande polepole, madini yarudishwe chini ya uangalizi. Anayezimia, anayehisi moyo kurukaruka au anayevimba miguu baada ya kujinyima apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asishindiliwe chakula nyumbani.

Moyo ulipotulia, alianza kwenda kitengo cha afya ya akili, maana chakula peke yake hakiondoi hofu ya chakula. Mama naye alifundishwa kwamba saa moja baada ya kula ni ngumu kuliko kula kwenyewe, kwa kuwa ndipo hamu ya kutapika inapopanda. Saa hiyo walikaa pamoja wakibangua karanga, wakizungumza habari za watu na za shule, uzito usitajwe. Bado alirudia kujitapisha. Alipomwambia mama, mama hakufoka. Alichukua kanga, wakaenda wote kupima potasiamu.