Kinywa Wazi, Sauti Kimya

Wahenga walisema, umoja ni nguvu. Methali hiyo nimeifundisha kwa miaka mingi bila kujiuliza: je, ni halali kumnyamazisha mmoja ili umoja huo upendeze?

Mwaka 1998 niliongoza kwaya na bendi ya tarumbeta ya wanakijiji wa Kilangali katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Jina la ukumbi huo hukumbusha mwaka 1946, Aga Khan wa Tatu alipopimwa uzito kwa almasi katika jiji hilo. Sisi tulikuwa wakulima wa mpunga, mafundi na walimu. Kwa miezi mitano tulikutana jioni baada ya kazi za shamba, tukijifunza kwa do-re-mi nilizoandika ubaoni.

Katika besi alikuwamo mzee mmoja aliyependa kuimba kuliko sisi sote, lakini sauti yake ilishuka kila wenzake walipopanda. Usiku wa kuamkia tamasha nilimwita pembeni. "Mzee wangu, kesho fumbua kinywa tu, usitoe sauti." Akajibu, "Sawa, Mwalimu."

Tulishangiliwa sana, nami nikainama kupokea makofi. Wakati wa kurudi, basi lilipokwisha kuipita Morogoro, mzee aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, mimi nilikwenda kuimba, au nilipelekwa kujaza mstari?" Sikuwa na jibu.

Wako watakaonitetea. Watasema kwamba kosa la mmoja huharibu jasho la wengi, na kwamba mwalimu hampi mwanafunzi alama asizostahili ili kumfurahisha tu. Ni kweli. Lakini fikiri, msomaji, juu ya wimbo wetu wa taifa. Tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini. Nimeusikia mara nyingi mstarini shuleni, ukiimbwa na wenye sauti nzuri na wenye sauti mbovu, wala sikupata kumnyamazisha hata mtoto mmoja. Kwa nini basi nilimnyamazisha mzee? Kwa sababu Dar es Salaam nilikuwa nikitazamwa. Niliyoilinda ni heshima yangu, nikaiita heshima ya wimbo.

Kiongozi wa kwaya naye haimbi. Siku ile tulikuwa wawili tusiotoa sauti ukumbini. Mmoja akapigiwa makofi, mwingine akafichwa.

Sisemi kila atakaye aimbe popote. Ningeweza kumwambia ukweli mapema, au kumfundisha peke yake katika ile miezi mitano. Nilichagua njia rahisi: nikauchukua mwili wake, nikaiacha sauti yake. Umoja wa namna hiyo unapendeza machoni, lakini si umoja. Tena mwalimu anayenyamazisha kile alichopaswa kukifundisha, ameikimbia kazi yake.