Cheka Basi, Mke Wangu

Picha aliyoitaka mume wangu ilikuwa ya kawaida kabisa: mimi na yeye, mti nyuma yetu, na kama wingu lingetuhurumia, Kibo kwa mbali. Tulikuwa Tsudunyi, Old Moshi, siku ya kwanza ya safari tuliyoiwekea akiba mwaka mzima. Miaka saba ya ndoa, watoto tumewaacha kwa bibi yao Dar es Salaam, siku tatu za sisi wawili tu. Akanyoosha mkono wenye simu, akasema, "Cheka basi, mke wangu."

Sikuweza.

Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine 18. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi ya uhai wake kukidai. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule yameoana kwa vinasaba na familia zinazoishi hapa Kilimanjaro. La Meli halikuwamo. Na mimi natakiwa nioneshe meno.

"Kwa hiyo nisicheke Old Moshi maisha yangu yote?" mume wangu aliuliza. Alikuwa na hoja, na ilinikera kwamba alikuwa nayo. Yeye ni wa hapa. Barabara ile aliipita na daftari mgongoni, akicheza mpira wa makaratasi. Kama kila mahali alipouawa mtu pangekuwa pa kununa, watu wa Old Moshi wangeishi wapi?

Lakini mimi ni wa Songea. Kwetu kuna kaburi la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Maji Maji, na kila mwaka siku hiyo tulipelekwa pale na shule tukiwa na soksi nyeupe, marufuku kutabasamu. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, shangazi yangu alinipigia simu analia. Kwa hiyo niliposimama chini ya mti wa Wachagga nilikuwa na adabu za kwetu, na nisifiche, nilijiona najua kuomboleza kuliko mwenye msiba.

Hadi Himo tuliongea habari za mafuta ya gari tu.

Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba mapumziko ya wapenzi yanataka bonde la mizabibu na magofu ya kale, kama Ulaya. Mizabibu kwetu ingekuwa Dodoma, na Dodoma mimi naenda kwa semina. Marangu ina migomba, kahawa chini yake, mifereji waliyochimba wazee kuteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, na mbege. Magofu yake yako chini ya ardhi.

Mapango ya Wachagga yalichimbwa kwa mikono ili watu na mifugo wajifiche Wamasai walipokuja kuteka ng'ombe. Unaingia umeinama, karibu unatambaa, na mwongozaji anakueleza kwa nini: anayeingia kwa kuinama anatanguliza kichwa. Ndani alikuwa anasubiri mlinzi na rungu. Mwongozaji alituonesha mahali pa ng'ombe, mahali pa kupikia, tundu la hewa. Akaonesha pia upande ambao, kwa masimulizi ya wazee wake, maiti za wavamizi zilisukumwa zikaishia mtoni. Kisha akaniuliza mimi ni mtu wa wapi.

"Songea."

"Aa, Mngoni! Wewe tungekugonga bila kukuuliza jina."

Kundi zima likacheka. Nami nikacheka, kicheko cha kutoka tumboni, nimejishika ukuta usiku ule wa mchana. Mume wangu aliniangalia kwa mwanga wa tochi. Hakusema kitu. Hakuwa na haja.

Nilipotoka juani ndipo nikaanza kujihesabia. Nimekataa kutabasamu penye watu 19, nimecheka penye watu ambao hata idadi yao haijulikani. Sababu ni nini? Kwamba wale wa pangoni walikuwa wavamizi? Basi mababu zangu ni akina nani? Wangoni tulikuja kutoka kusini mwa Afrika, tukafika Songea na ngao, na watu wa huko hawakutupokea kwa maua. Mwaka 1882 tulivamia misheni ya Masasi. Wamatengo wanasimulia kuwa ni sisi tuliowabana milimani Mbinga, wakalazimika kulima ngolo kwenye miteremko mikali. Shuleni, tukiwa na soksi zetu nyeupe, hiyo hatukupelekwa kuiona. Kila tarehe 27 Februari nililia waliouawa wa kwetu. Waliouawa na wa kwetu sikuwahi kuwakunjia hata uso.

Watu wa zamani walikuwa na njia yao ya kushughulika na damu ya aina hii: utani. Makabila yaliyopigana sana ndiyo mara nyingi yaligeuka watani, na mtani hucheka hata msibani. Anaiga kikohozi cha marehemu, anadai deni la uongo, anazuia jeneza lisitoke. Mchagga na Mngoni si watani wa asili, mtani wa Mchagga ni Mpare, lakini yule mwongozaji aliniingiza kwenye mlango huo na nikaingia. Ila mtani hachekeshi bure. Ndiye anayechota maji, anayeshika jembe, anayekesha. Sura yangu nzito pale Tsudunyi ilinigharimu nini? Dakika tano.

Ningeishia hapo ningemwomba mume wangu radhi, na siku ingekwisha vizuri. Lakini jioni tulipita kwa baba yake mdogo kusalimia. Wachagga huzika kihambani, hatua chache kutoka mlangoni. Kwenye kaburi la babu, lililojengewa marumaru, kulikuwa kumeanikwa kahawa, na mtoto wa jirani amekaa pembeni anakula ndizi akimwambia mwenzake maneno ya kuchekesha. Hakuna aliyemfukuza. Nilimwangalia mtoto yule muda mrefu. Anaweza kucheka pale kwa sababu babu yuko nyumbani. Amezikwa, matanga yameondolewa. Meli hana kaburi la kuanikia kahawa. Pale mtini msiba haujaisha, umesimama tu tangu 1900.

Nilimwambia mume wangu hivyo kilabuni, mbege ikiwa mbele yetu kwenye kata moja, nzito, na ule uchungu wa gome la msesewe unaokuja baadaye, ukishadhani ni ndizi na ulezi tu. Aliinamisha kichwa. Kisha, yeye Mlutheri wa kila Jumapili, akamimina kidogo chini, nusu kwa mzaha kama vijana wote wa huko wanavyofanya.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya babu."

"Na Meli?"

"Meli atanywaje," alisema akicheka, "na mdomo uko Ulaya?"

Kicheko kikamkatikia katikati. Akaishika kata kwa mikono miwili, hakunywa wala hakunipa. Mama mwenye kilabu akatuuliza kama mbege imeharibika, atuletee nyingine.