Wimbo wa Kufundishwa



Zaburi ya 104 inapozitaja kazi za Mungu, haiwasahau ndege waimbao katikati ya matawi. Wengi wetu hudhani ndege huzaliwa na wimbo wake. Kwa jogoo na njiwa ndivyo ilivyo, lakini chiriku na jamaa zake hawana budi kufundishwa.

William Thorpe wa Cambridge, Uingereza, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1950. Alikuwa mwanasayansi na muumini wa Marafiki, jamii ileile ya Kikristo yenye watu wengi magharibi mwa Kenya. Alilea makinda ya chiriku mbali na ndege wakubwa, akanasa sauti zao na kuzipitisha kwenye mashine inayochora sauti karatasini. Makinda yale yalipokua yaliimba, lakini wimbo wao ulikuwa duni: haukugawanyika katika beti, na ule mzunguko wa mwisho ambao chiriku wa porini huumalizia kwa mbwembwe haukuwepo.

Na wimbo si pambo tu. Kwa ndege wengi dume huimba ili kumwita jike, na kuwajulisha madume wenzake kwamba eneo lina mwenyewe. Karibu na Oxford, katika miaka ya 1970, John Krebs aliwaondoa madume katika sehemu za msitu, kisha akaweka vipaza sauti vyenye wimbo wao katika baadhi ya sehemu hizo. Palipokuwa kimya palivamiwa upesi. Palipoimba palichelewa kuvamiwa, ingawa hapakuwa na ndege.

Kinda husikiliza kwanza. Huuhifadhi wimbo wa mkubwa wake, kisha huanza kujaribu kwa sauti ya kubabaika, akikosea na kurudia wiki baada ya wiki mpaka anyooshe. Mwaka 2000 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba hata chiriku aliyelala, ubongo wake huupitia tena wimbo alioimba mchana. Mimi hapo humsifu Muumba.

Sasa nendeni nami Australia. Kusini-mashariki mwa nchi hiyo yuko ndege mnywa nekta, mweusi mwenye manjano mbawani, ambaye zamani aliruka kwa makundi makubwa. Misitu yake ilikatwa, naye akapungua hadi mamia machache. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba asilimia kama 12 ya madume hawaujui tena wimbo wa kwao. Wanaimba nyimbo za ndege wa aina nyingine, kwa sababu walipokuwa wadogo hawakupata mzee wa kumsikiliza. Koo ni zima, masikio ni mazima, lakini mwalimu hakuwepo. Madume hao hupata wenzi kwa shida kuliko wale wanaoimba wimbo wa asili.

Wapendwa, habari hii imenichoma. Tunalalamika kwamba vijana wetu wanaimba mambo ya ajabu, tunawasema mimbarini na vikaoni. Je, walisikia nini nyumbani? Paulo anapoitaja imani ya Timotheo, anakumbuka kwamba ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kijana yule alikuwa na watu wa kuwasikiliza tangu utotoni. Mtoto anayesikia dua ya baba yake siku ya msiba tu, atajifunzia wapi kuomba? Na simu ndiyo inayokaa naye jioni nzima, si sisi.

Kule Australia wameanza kuwafundisha makinda waliozaliwa kwenye hifadhi kwa rekodi za wimbo wa asili, na kwa kuwaweka karibu na dume anayeujua vizuri. Nasi tufanye vivyo hivyo. Wanakwaya wakongwe, waketisheni watoto kando yenu siku ya mazoezi. Baba, usimwachie mama peke yake sala ya jioni. Wiki hii, kila nyumba ya usharika huu izime simu baada ya chakula, na mkubwa aanzishe wimbo mmoja kwa sauti, watoto wakisikia.