Magari ya Yusufu na Macho ya Baba

Masomo: Mwanzo 45:21–28, 46:28–30, 48:1–11, Marko 7:9–13



Wiki hii nataka tujiulize swali ambalo wengi wetu tunaoishi Nairobi tumelikwepa kwa miaka. Ukimtumia mzazi wako pesa kila mwezi bila kukosa, je, umemheshimu?

Nianze na mimi mwenyewe, maana ni rahisi kuhubiri juu ya baba za watu wengine. Kufikia Agosti iliyopita nilikuwa nimemaliza miaka mitatu na miezi minane bila kukanyaga nyumbani kwetu, kule Taita, njia ya kupanda Wundanyi. Mama alilala mwaka wa 2015. Baba anaishi pale peke yake, majirani wakimwangalia. Sikuwa nimemtupa. Kila tarehe 5 ya mwezi nilimtumia shilingi 5,000 kwa M-Pesa, hata ule mwezi sisi wenyewe tulipochelewa kulipa kodi ya nyumba. Jioni yake alikuwa ananipigia: "Imefika, mwanangu. Mungu akuzidishie." Tunaombeana, tunakata simu.

Kama mjuavyo, kabla ya kuingia utumishi nilisomea biashara, na mtu wa biashara hasafiri kabla ya kupiga hesabu. Mafuta ya gari kwenda na kurudi, chakula njiani, unga na sukari za kugawa kwa shangazi na majirani, na kile kitu kidogo cha kumwachia kila mzee unayemsalimia: haipungui shilingi 25,000. Hiyo ni matumizi ya Baba ya miezi mitano. Nikajiambia, mbona nichome pesa barabarani na naweza kumtumia ale? Tena juu ya hesabu nilikuwa na sababu takatifu: kesha za Ijumaa, wanandoa wa kushauri, mazishi, ibada za Jumapili. Nani ataacha kazi ya Bwana aende ushago?

Kilichoniamsha ni mtoto wetu mdogo, wa miaka minne. Babake mke wangu anaishi Kitengela, na huyo watoto humwita Babu. Siku moja Baba alipiga simu, mtoto akaniletea mbio: "Dadi, ni Babu wa Simu." Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka.

Basi shule zilipofungwa Agosti, tukashika njia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Nyinyi mnaotoka upande huo mnaijua Mombasa Road: malori tangu Mlolongo, na huwezi kumpita mmoja kabla hujaona mwingine. Lakini ukishapita Sultan Hamud nchi inafunguka. Watoto walitaka kuona Kilimanjaro, na siku ya anga safi unauona kutoka kule, lakini siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu. Makindu tulisimama pale kwa Masingasinga, ambao huwalisha wasafiri wa kila dini bila malipo. Hawakupi chakula dirishani mwa gari uondoke. Unaingia, unavua viatu, unaketi nao. Mkubwa wetu, wa miaka saba, akauliza, "Hawa watu wanatujua?" Nikamwambia hapana. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na Babu wa Simu anatujua?"

Hilo swali lilikaa nami hadi Mtito Andei. Kutoka Kibwezi mibuyu ilianza, kisha udongo ukawa mwekundu, na ndani ya Tsavo tukaona ndovu watano, wekundu kwa vumbi kama wamepakwa rangi. Kando yetu tuta la reli ya SGR lilitufuata karibu njia nzima. Treni hiyo inasimama Voi tangu mwaka wa 2017, kwa hivyo hata ile sababu ya kuchoka kuendesha gari haikuwa sababu. Niliona aibu kulitazama lile tuta.

Voi tukakata kulia, tukapita mashamba ya makonge, na Mwatate tukaanza kupanda. Kwa mtu wa Taita, hapo ndipo moyo unapobadilika. Barabara inajikunja, joto linaachwa chini, migomba inaanza, na ukitazama nyuma tambarare yote ya Tsavo iko miguuni pako. Niliwaonyesha watoto kijito nilichokuwa nikiteka maji. Nilikuwa na furaha, wapendwa. Nilijiona mwana mwema anayerudi nyumbani na buti ya gari imejaa.

Baba alikuwa ameketi uani, chini ya mparachichi. Aliposikia mlango wa gari akasimama. Nikamwendea nimenyoosha mikono, jua la saa tisa likinipiga usoni. Nilipofika kama mita mbili kutoka kwake, akageuza kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio isiyoshika vizuri, akaniuliza kwa Kidawida: "Wewe ni yupi?"

Sisi ni wana wawili. Ndugu yangu yuko Mombasa, na yeye pia alikuwa anatuma. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye anayeenda.

Nilipotaja jina langu alinishika uso kwa viganja vyote viwili, polepole, kuanzia kipaji hadi kidevu. Na hapo ndipo nikaelewa jambo lililokuwa mbele yangu miaka hiyo yote. Mbona nilikuwa nikituma pesa asubuhi na simu yake inakuja jioni, kila mwezi? Kumbe alikuwa anamngoja msichana wa jirani atoke shule aje amsomee ujumbe.

Siku ya tatu tulimpeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, akasema, na hilo linafanyiwa upasuaji. Jicho la kulia ni presha ya macho. Presha ya macho haiumi. Inaua mshipa wa jicho polepole, na kilichokufa hakirudi. Ingegunduliwa mapema, dawa ya matone ingeipunguza kasi. Daktari hakunilaumu, lakini pesa zangu zote za kila tarehe 5 hazikuwa zimenunua chupa moja ya hiyo dawa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba inahitajika.

Usiku huo nilimuuliza, "Baba, mbona hukuniambia?" Akajibu taratibu: "Ningekuambia nini? Kila nikikupigia uko kanisani. Nilisema, mtoto huyu nilimtoa kwa Mungu. Sasa nitamwitaje kwa ajili ya macho?"

Hakusema kwa uchungu. Aliamini anatoa sadaka.

Wapendwa, nimelisoma Marko 7 mara nyingi, na siku zote niliwaona Mafarisayo mle ndani. Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwajibike kwa baba na mama. Mimi sikutangaza pesa yangu kuwa Korbani. Nilitangaza miguu yangu. Nilitangaza muda wangu na macho yangu. Tena nilitangaza kwa sauti kubwa hivi kwamba baba yangu mwenyewe alisikia, akakubali, akapofuka kimya kimya kuniachia nafasi ya kuhudumu. Je, Mungu ndiye aliyeomba sadaka hiyo? Andiko linasema alichoomba ni kinyume chake.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Si katika kutuma. Tusije tukaambiana ati pesa ni kitu cha kimwili na cha maana ni upendo tu. Mzee halii upendo mchana na usiku. Mtume Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, na kutunza kuna bei ya unga. Kosa lilikuwa kudhani pesa inaweza kuona.

Zamani ilikuwa inaona. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka wa 2007, wengi wetu tulituma bahasha kwa mkono wa mtu: binamu anayeenda likizo, jirani, makanga wa basi tunayemjua. Bahasha ilikuwa na miguu. Yule aliyeipeleka alikalishwa, akapewa chai, akamtazama mzee, na akirudi Nairobi anakwambia, "Babako amekonda," au "ule upande wa paa unavuja." Leo pesa inafika kabla sijafunga mdomo, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini inafika peke yake na hairudi na habari. Nayo simu inabeba sauti tu. Mzazi anajua kuitengeneza sauti. "Niko salama" ya mzazi wa Kiafrika haimaanishi kwamba yuko salama. Inamaanisha hataki ulale ukiwa na wasiwasi.

Mtazame Yusufu. Kama kuna mtu aliyekuwa na kisingizio ni yeye. Ni wa pili kwa Farao, nchi nzima inamtegemea wakati wa njaa, na baba yuko mbali Kanaani. Alianza kwa kutuma: magari, punda kumi waliobeba vitu vyema vya Misri, na punda jike kumi wa nafaka na chakula cha njiani. Na kutuma huko kulifanya kazi. Moyo wa Yakobo ulikuwa umezimia, lakini alipoyaona yale magari roho yake ikafufuka. Hata hivyo, Yakobo hakusema sasa nimepata nafaka, imetosha. Alisema atakwenda amwone mwanawe kabla hajafa. Naye Yusufu, aliposikia mzee anakaribia Gosheni, hakumtuma ofisa. Alitandika gari lake mwenyewe akapanda kwenda kumlaki, akamwangukia shingoni, akalia muda mrefu. Kulikuwa na magari ya mizigo, na kulikuwa na gari la Yusufu. Mimi nilituma ya mizigo kwa miaka mitatu na miezi minane, nikadhani nimemaliza habari.

Kisha soma Mwanzo 48. Yusufu anaambiwa baba yake ni mgonjwa. Anawachukua wanawe wawili, anakwenda. Macho ya Yakobo yamekuwa mazito kwa uzee, na anauliza hawa ni nani. Nilipolisoma hilo chini ya ule mparachichi, na watoto wangu wawili wameketi miguuni pa babu yao, nilishindwa kuendelea.

Najua kuna atakayeniuliza: Mchungaji, si Yesu alimwambia yule mtu awaache wafu wazike wafu wao? Ndiyo, Luka 9. Kuna wakati wito wa Mungu unatutenga na nyumbani, na mmishonari aliyetumwa mbali hajatenda dhambi. Lakini jiulize kwa unyofu: ni Yesu aliyekukataza kwenda, au ni ratiba yako uliyoipa jina lake? Kwa maana huyo huyo Yesu, akiwa msalabani anaokoa ulimwengu, Yohana 19 inasema alimwona mama yake, akampatia mtu wa kumtunza. Kama yuko mtu aliyekuwa na shughuli siku hiyo, ni yeye.

Tena najua ndugu anayelinda geti usiku hana likizo, na dada anayefanya kazi ya nyumba anapewa siku moja kwa mwezi. Wengine wenu mnatuma shilingi 500 mkiwa mmelala njaa. Siwabebeshi mzigo. Mungu anajua tofauti ya asiyeweza na asiyetaka. Na wewe ambaye nyumbani ni mahali ulipopigwa na kuumizwa, heshima haikulazimishi kurudi kuumizwa tena. Njoo tuzungumze, tuombe pamoja, tutafute njia.

Lakini sisi tunaoweza, tuache kujificha. Kabla mwaka huu haujaisha, weka tarehe ya kwenda. Wambie ndugu zako waziwazi nani anakwenda lini, msidhaniane. Kama kweli huwezi, tafuta macho ya mtu: anayesafiri upande huo aingie, aketi, amtazame mzazi wako, akuletee habari. Na ukifika, usishushe mizigo kwanza. Msalimie, mtazame anavyotembea, anavyoshika kikombe. Nimemweleza Mchungaji Kiongozi yaliyonipata, na tumekubaliana kwamba kila mtumishi katika kanisa hili atapewa wiki moja ya kwenda kwao, na zamu yake itashikwa.

Hesabu yangu ya 25,000 haikuwa na kosa la kujumlisha. Niliacha safu moja tu, ya vile ambavyo nisipokwenda sitavijua. Safu hiyo imetugharimu jicho la kulia.

Upasuaji wa jicho la kushoto ulifanywa, na unaendelea vizuri. Tarehe 5 mwezi huu nilituma kama kawaida saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tatu simu ikalia. "Imefika, mwanangu," akasema. "Nimeisoma mwenyewe."

Tuombe. Bwana, tusamehe tulipolitumia jina lako kuwakwepa waliotuzaa. Tufungulie njia ya kwenda, na tukifika, tupe macho ya kuona. Katika jina la Yesu. Amina.