Sababu na Hatia

Hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa, mtoto azaliwaye kabla ya miezi kutimia, ambaye siku hizi twamwita njiti, akichelewa kukaa, au miguu yake ikikakamaa, watu huuliza neno moja tu: Ni kosa la nani? Hata wanafunzi wa Bwana waliuliza vivyo hivyo juu ya yule aliyezaliwa kipofu, wala hawakupewa jina la mkosaji. Lakini sisi twamtaja upesi, naye huwa ni mama. Husemwa amevunja mwiko, ama ametoka nje ya ndoa, na mavyaa wake hukumbuka mambo ya zamani.

Waganga wa hospitali wametufunulia sababu mojawapo, nayo yafaa tuijue. Maambukizo yakimwingia mwenye mimba, mwili wake hupigana nayo. Vita hiyo yaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, tena madhara yake yaweza kumfikia mtoto tumboni. Ubongo wa mtoto wa miezi sita au saba ungali ukijengwa. Nyuzi zake hufunikwa polepole kwa utando mfano wa mafuta, ili zipeleke habari upesi, na chembe zifanyazo utando huo ni changa, huumia kwa urahisi. Zikiumia, mtoto aweza kuwa na udhaifu wa viungo au kuchelewa kusema. Si kila njiti apatwaye; wengi hukua vizuri.

Tena mara nyingi mama hasikii neno lo lote. Malaria hujificha katika kondo la nyuma, hata damu ya kidoleni isionyeshe kitu. Yako na maradhi ya mkojo yasiyo na maumivu. Mwanamke auzaye dagaa pale Mwaloni, Kirumba, huinua ndoo tangu alfajiri akijiona mzima. Twamhukumuje kwa jambo ambalo mwili wake mwenyewe haukumwambia?

Hapo twaogopa hatari mpya. Watu wataacha kusema mwiko, nao watasema, Ugonjwa wako umemharibu mtoto. Jiwe ni lile lile. Kujua sababu si kumpata mwenye hatia.

Mwaka 2002 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa hapa hapa Mwanza juu ya kaswende, ugonjwa uwezao kumfikia mtoto tumboni, hata ubongoni. Kwa wanawake wasiopimwa, katika kila watoto 100 waliozaliwa wafu, 51 sababu yao ilikuwa kaswende. Na katika njiti 100 waliozaliwa hai, 24. Lakini waliopimwa wakapigwa sindano moja tu ya penisilini, hatari yao ilikuwa sawa na ya wenzao wasio na ugonjwa. Sindano moja! Basi kinachomzuia mama asiifikie ni nini? Mara nyingine ni umbali wa zahanati. Mara nyingine ni lawama zetu.

Twamkumbuka mama mmoja wa visiwani. Mimba ya kwanza alipimwa, na habari ilipofika nyumbani alifukuzwa, wala hakuna aliyeuliza kama mume naye amepimwa. Mimba ya pili aliificha hata mwezi wa saba. Sindano aliiogopa kidogo, wakwe aliwaogopa sana. Tulipokwenda kusema nao, ukumbi wote ulinyamaza. Mwishowe mume akainuka, akasema yeye atatangulia kutoa damu, na kesho yake walipanda mtumbwi pamoja.